Yannick Noah, kutoka raketi hadi kiti cha nahodha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka mashindano ya Roland-Garros, mashindano makubwa ya tenisi ya Ufaransa yanayochezwa Paris, yanapokaribia, jina la Yannick Noah hurudi midomoni mwa watu, na maswali huwa yale yale. Wengi wanaijua habari ya 1983, alipotwaa ubingwa wa mashindano hayo, basi. Wachache wanajua kwamba alipokuwa mchezaji wa peke yake alichukua taji moja tu kati ya yale makubwa manne ya dunia, lakini akiwa nahodha, amekaa kwenye kiti pembeni mwa uwanja, aliipa Ufaransa makombe manne. Nimejibu hapa maswali ninayokutana nayo mara nyingi. Majibu ya unahodha ni marefu kuliko mengine, na nimefanya hivyo makusudi.

Noah ni Mfaransa au Mkameruni?

Ni vyote viwili. Alizaliwa tarehe 18 Mei 1960 mjini Sedan, kaskazini mashariki mwa Ufaransa. Baba yake, Zacharie, alikuwa Mkameruni aliyekwenda kucheza soka Ulaya, na alikuwemo katika timu ya Sedan iliyotwaa Kombe la Ufaransa mwaka 1961. Mama yake, Marie-Claire, alikuwa mwalimu Mfaransa. Jeraha lilimkatiza Zacharie mpira, na mwaka 1963 familia ikahamia Yaoundé. Yannick alikuwa na miaka mitatu. Kwa hiyo utoto anaoukumbuka ni wa Kameruni, ingawa bendera aliyoichezea maisha yake yote ni ya Ufaransa.

Ni kweli Arthur Ashe ndiye aliyemgundua?

Ni kweli, na wala si hadithi iliyotiwa chumvi. Mwaka 1971 Ashe, Mmarekani mweusi ambaye tayari alikuwa bingwa wa Marekani (1968) na wa Australia (1970), alikuwa katika ziara ya Afrika pamoja na wachezaji wenzake. Walipofika Yaoundé walipangiwa kupiga mipira kidogo na watoto wa klabu ya pale. Mmoja wa watoto hao, ambaye hata miaka 11 alikuwa hajatimiza, alikuwa na mkono mwepesi na haogopi. Ashe alicheza naye, akamtazama, akamwachia raketi.

Wageni wengi huishia hapo: zawadi, picha, kwaheri. Ashe hakuishia hapo. Aliwasiliana na Philippe Chatrier, kiongozi wa tenisi ya Ufaransa, akamwambia kuna mtoto Yaoundé anayestahili kuangaliwa. Ndipo Yannick akapelekwa Nice, kusini mwa Ufaransa, kwenye mpango wa kusoma na kucheza kwa pamoja. Aliwaacha wazazi, dada zake na nyumba yao, akaenda kulala bwenini katika nchi ambayo kwake ilikuwa ngeni ingawa alizaliwa humo.

Leo uwanja mkuu wa Roland-Garros unaitwa Philippe Chatrier, na uwanja mkuu wa mashindano ya Marekani kule New York unaitwa Arthur Ashe. Mtoto wa Yaoundé alifunguliwa njia na watu ambao sasa majina yao yako juu ya milango ya viwanja hivyo viwili.

Mwaka 1978 Ashe na Noah walicheza upande mmoja, mechi za wawili wawili, katika mashindano ya Wimbledon, Uingereza. Miaka minne baadaye walikutana tena, safari hii kila mmoja na upande wake. Nitalifikia hilo.

Mwaka 1983 ilikuwaje hasa?

Tarehe 5 Juni 1983 Noah alimshinda Msweden Mats Wilander katika fainali ya Roland-Garros kwa seti tatu (sehemu ambazo mechi hugawanywa), 6-2, 7-5, 7-6. Wilander alikuwa bingwa mtetezi. Alikuwa ameutwaa ubingwa huo mwaka uliotangulia akiwa na miaka 17, na alikuwa mtu wa kurudisha kila mpira mpaka mpinzani akate tamaa mwenyewe.

Kabla ya hapo, mwanamume wa mwisho wa Ufaransa kushinda nyumbani alikuwa Marcel Bernard mwaka 1946. Miaka 37 ilikuwa imepita. Katika mashindano yote ya 1983 Noah alipoteza seti moja tu, aliyochukua Ivan Lendl katika robo fainali.

Pointi ya mwisho: Noah anapiga sevu, yaani pigo la kuanzisha mpira, anakimbilia wavuni, Wilander anarudisha, mpira unapita juu na kutua nje ya mstari. Noah anaanguka magoti. Kisha, kabla watu hawajajua wafanye nini, baba yake anaruka kutoka jukwaani na kuingia uwanjani. Zacharie, yule aliyekatizwa soka na jeraha, anamkumbatia mwanawe juu ya udongo mwekundu, na kijana analia begani kwake kama mtoto. Nimeitazama picha hiyo ya video mara nyingi. Kila mara macho yangu huwa kwa baba, ambaye hakungoja ruhusa ya mtu.

Kwa nini wataalamu wanasema ushindi ule ulikuwa wa ajabu?

Kwa sababu ya namna alivyocheza. Udongo unaupunguzia mpira kasi na kuurusha juu. Ni uwanja wa wenye subira, wanaosimama nyuma ya mstari na kupokezana mipira hata mara 30. Noah alifanya kinyume. Alipiga sevu na kukimbilia wavuni. Alipopigiwa sevu dhaifu aliurudisha mpira kwa kuukata chini kwa chini, kisha akaufuata huko huko mbele. Alikuwa mrefu, anaruka juu kama golikipa, na mpinzani alijiona kila wakati anatafuta upenyo usiokuwepo. Kucheza hivyo kwenye udongo kwa wiki mbili mfululizo kunahitaji mapafu, lakini zaidi kunahitaji mtu asiyekata tamaa anapopitwa, maana mbele ya wavu utapitwa tu.

Alishinda kwa raketi ya mbao pia, wakati wenzake walikuwa wakihamia kwenye raketi kubwa na nyepesi.

Alishinda mataji mangapi kwa jumla?

Mataji 23 ya mchezaji mmoja mmoja na 16 ya wawili wawili. Mwaka 1984 alishinda Roland-Garros tena, safari hii kwa wawili wawili pamoja na Henri Leconte. Mwaka 1985 alichukua taji la Italia mjini Roma. Mwaka 1986 alifika nafasi ya 3 duniani kwa mmoja mmoja, na mwaka huo huo akawa namba 1 duniani kwa wawili wawili. Mwaka 1990, akielekea kustaafu, alifika nusu fainali ya Australia. Mwaka 2005 aliingizwa katika Jumba la Heshima la Tenisi la kimataifa lililoko Newport, Marekani.

Nahodha wa timu ya tenisi anafanya nini, kama hachezi?

Hili ndilo swali linalowachanganya wengi, hasa sisi tuliokulia kwenye soka, ambako nahodha ni mchezaji mwenye kitambaa mkononi. Katika Kombe la Davis, mashindano ya mataifa kwa wanaume yaliyoanza mwaka 1900, nahodha yuko karibu zaidi na kocha mkuu. Yeye ndiye anayeteua wachezaji. Yeye ndiye anayeamua nani atacheza peke yake na nani na nani watacheza wawili wawili. Timu inapokuwa nyumbani, nchi mwenyeji huchagua aina ya uwanja, na neno la nahodha hapo lina uzito: udongo kwa ajili ya kumchosha mpinzani, au kapeti la ndani kwa ajili ya watu wenye sevu kali.

Enzi za Noah pambano la mataifa mawili lilichukua siku tatu. Ijumaa mechi mbili za mmoja mmoja, Jumamosi mechi ya wawili wawili, Jumapili mechi mbili za mmoja mmoja kwa kubadilishana wapinzani. Mechi zilikuwa za seti tano, na wa kwanza kufikisha ushindi wa tatu ndiye mshindi. Mfumo huo ulibadilishwa kuanzia 2019.

Jambo kubwa kuliko yote hayo ni kiti. Kwa miaka mingi, mchezaji wa tenisi katika mashindano ya kawaida alikatazwa kabisa kusemeshwa na kocha wake mechi ikiendelea. Alipambana na mpinzani na mawazo yake mwenyewe. Katika Kombe la Davis nahodha anakaa ndani ya uwanja, na kila wachezaji wanapobadilisha upande anapata sekunde 90 na mtu wake. Humo ndani kuna kunywa maji, kujifuta jasho, kubadilisha raketi. Kinachobaki kwa maneno ni kama nusu dakika. Nahodha mbaya huijaza nusu dakika hiyo kwa mbinu kumi. Nahodha mzuri anajua neno moja ambalo mtu huyu, siku hii, anaweza kulibeba hadi kwenye mstari.

Na kuna ugumu mwingine usioonekana kwenye televisheni. Wachezaji hawa si wake. Mwaka mzima wana makocha wao, ratiba zao na mapato yao, tena wao kwa wao ni washindani. Nahodha anapewa wiki chache tu za kuwafanya watu wanaotafutana mwaka mzima wakae meza moja na kupigania jambo lisilo la mmoja wao.

Noah alijifunzia wapi kazi hiyo?

Sina shaka alianza kuisomea Grenoble, Novemba 1982, siku aliposhindwa.

Ufaransa ilikuwa imefika fainali ya Kombe la Davis kwa mara ya kwanza tangu 1933. Nchi nzima ilikuwa inakumbushana habari za wale Wanamusketia wanne, Borotra, Brugnon, Cochet na Lacoste, waliolichukua kombe hilo mara sita mfululizo, 1927 hadi 1932. Mpinzani alikuwa Marekani. Wafaransa walitandika udongo ndani ya ukumbi ili kuwapunguzia Wamarekani makali. Mechi ya kwanza: Noah na John McEnroe. Ilikwenda 12-10, 1-6, 3-6, 6-2, 6-3 kwa McEnroe. Noah aliongoza seti mbili kwa moja, ushindi ulikuwa mkononi, kisha ukamponyoka. Marekani ikalibeba kombe kwa 4-1.

Na aliyekaa kwenye kiti cha nahodha wa Marekani siku hiyo alikuwa Arthur Ashe.

Hebu fikiria picha hiyo. Mtu aliyekuachia raketi ukiwa na miaka kumi, sasa ameketi hatua chache kutoka ulipo, akimtuliza McEnroe, mchezaji mgumu kuliko wote kutulizwa, ili akushinde. Ashe hakuwa mtu wa kelele. Alikaa, akatazama, akasema kidogo. Noah alipokuja kuwa nahodha alikuwa kinyume chake kwa tabia: anakumbatia, anapiga kelele, anaimba. Lakini wote wawili walijua kwamba kiti kile ni mahali pa kumbebea mtu mwingine woga wake.

Ilikuwaje Lyon mwaka 1991?

Hapa ndipo ningependa kila mtu asimame kidogo.

Noah alipewa unahodha mwaka 1991, akiwa bado mdogo kwa kazi hiyo. Baadhi ya wachezaji aliowateua walikuwa wenzake wa jana. Timu ilivuka hadi fainali, na fainali ikawa tena na Marekani, nyumbani Ufaransa, katika ukumbi wa Gerland mjini Lyon. Marekani ilikuja na Andre Agassi na kijana Pete Sampras, aliyekuwa ametoka kuwa bingwa wa mashindano ya kufunga mwaka. Ufaransa ilikuwa na Guy Forget, aliyekuwa katika mwaka mzuri kuliko yote ya maisha yake. Na wa pili?

Wa pili, akaamua Noah, ni Henri Leconte. Watu wakadhani amechanganyikiwa. Leconte alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mgongo mwaka huo huo na alikuwa ameporomoka nje ya mia moja bora wa dunia. Tena alikuwa na kidonda kingine. Mwaka 1988 alifika fainali ya Roland-Garros, akafungwa na Wilander bila kupata hata seti moja, na alipochukua kipaza sauti kuzungumza akazomewa na watazamaji wa nchi yake mwenyewe. Mtu aliyezomewa nyumbani, mgongo umekatwa, anapelekwa kucheza na Sampras mbele ya watazamaji wale wale.

Noah alikuwa amecheza naye miaka mingi upande mmoja wa wavu. Alijua kitu ambacho orodha ya viwango haiwezi kuonyesha: Leconte akiamini, hakuna mtu duniani anayejua mpira utatoka wapi. Kazi ikawa kumfanya aamini.

Siku ya kwanza Agassi alimshinda Forget. Ikaja zamu ya Leconte. Alicheza kama mtu aliyefunguliwa minyororo: mipira ya kushoto ikipigwa mapema, voli za kukatiza, ngumi juu baada ya kila pointi. Matokeo, 6-4, 7-5, 6-4. Kila alipokwenda kukaa, Noah alimsogelea karibu kabisa, uso kwa uso, mkono juu ya goti au begani. Ukitazama picha za mechi ile, angalia mikono ya Noah. Haitulii kwa maelezo ya mbinu, inatulia juu ya mtu.

Jumamosi Forget na Leconte wakawashinda Ken Flach na Robert Seguso kwa seti tatu kwa moja. Jumapili Forget akamaliza kazi dhidi ya Sampras, 7-6, 3-6, 6-3, 6-4. Ufaransa ikalipata Kombe la Davis baada ya miaka 59. Kilichofuata hakijawahi kuonekana kwenye uwanja wa tenisi: nahodha akaongoza timu yake kuzunguka uwanja wakicheza ngoma kwa mstari, huku ukumbi mzima ukiimba wimbo wa Kiafrika alioutoa Noah mwenyewe mwaka huo.

Ashe alikuwa bado hai. Alifariki Februari 1993.

Je, baada ya Lyon mambo yalikwenda vizuri moja kwa moja?

Hapana. Mwaka uliofuata Uswisi iliitoa Ufaransa katika robo fainali, tena Ufaransa ikiwa nyumbani. Noah alikiacha kiti, akaendelea na muziki, kisha akaitwa tena. Nayataja haya kwa sababu kuna watu wanaosimulia habari zake kana kwamba alikuwa na dawa. Timu yake ilifungwa kama timu nyingine.

Na Malmö 1996?

Kwa wapenzi wa tenisi halisi, hii ndiyo fainali kubwa kuliko zote alizosimamia, ingawa Lyon ndiyo inayopendwa. Ufaransa ilikwenda kwa Wasweden, ugenini. Ilikuwa pia siku ya kuagana na Stefan Edberg, aliyechagua fainali hiyo iwe mwisho wa kazi yake. Cédric Pioline akamshinda, na Edberg akaumia kifundo cha mguu. Baada ya siku mbili Ufaransa iliongoza 2-1. Jumapili Pioline akaongoza seti mbili dhidi ya Thomas Enqvist, kisha akapoteza mechi, 9-7 katika seti ya tano. Ikawa 2-2.

Mechi ya mwisho: Arnaud Boetsch na Nicklas Kulti, aliyeingizwa kwa sababu Edberg hakuweza kusimama. Saa zikapita. Kulti akapata pointi tatu za ubingwa mfululizo. Pointi moja tu kati ya hizo na kombe linabaki Sweden. Boetsch akazifuta zote tatu. Misuli ya Kulti ikaanza kukaza. Mwisho ikasomeka 7-6, 2-6, 4-6, 7-6, 10-8 kwa Boetsch.

Watu huuliza nahodha anafanya nini wakati wa pointi tatu kama hizo. Hafanyi chochote. Amekaa. Hana ruhusa ya kusimamisha mchezo wala kubadilisha mtu. Kazi yake iliisha kwenye sekunde 90 zilizotangulia, na kabla ya hapo, kwenye wiki nzima ya kukaa na Boetsch.

Ni kweli alikuwa nahodha wa timu ya wanawake pia?

Ndiyo, na jambo hili linasahauliwa bila haki. Mwaka 1997 aliongoza timu ya wanawake ya Ufaransa katika Kombe la Fed, ambalo sasa linaitwa Kombe la Billie Jean King. Ufaransa haikuwa imewahi kulichukua. Akiwa na Mary Pierce, Sandrine Testud, Nathalie Tauziat na Alexandra Fusai, walikwenda Uholanzi na kuwafunga wenyeji 4-1 katika fainali.

Kwa nini alirudi mwaka 2015?

Kwa sababu kizazi kizuri kilikuwa kinazeeka mikono mitupu. Ufaransa ilikuwa imeshinda tena mwaka 2001 kule Melbourne chini ya Guy Forget, yule yule wa Lyon, naye akiwa sasa ndiye aliyekaa kitini. Lakini baada ya hapo, Jo-Wilfried Tsonga, Richard Gasquet, Gaël Monfils na Gilles Simon, wachezaji ambao nchi nyingi zingewaonea wivu, hawakuwa wameshinda. Walifungwa na Serbia katika fainali ya 2010 na Uswisi ya Roger Federer katika fainali ya 2014. Noah alikuwa na miaka 55. Wachezaji wengi wa timu hiyo walikuwa hawajazaliwa alipomshinda Wilander.

Mwaka 2016 wakafungwa na Kroatia katika nusu fainali kule Zadar. Novemba 2017, mjini Lille, wakakutana na Ubelgiji katika fainali. David Goffin alishinda mechi zake zote mbili. Tsonga akashinda moja, Gasquet na Pierre-Hugues Herbert wakashinda ya wawili wawili, na Lucas Pouille akamaliza kwa kumfunga Steve Darcis 6-3, 6-1, 6-0. Kombe la kumi la Ufaransa.

Kulikuwa na ugomvi gani kuhusu Nicolas Mahut?

Herbert na Mahut walikuwa jozi ya kudumu, mabingwa wa Wimbledon 2016. Katika nusu fainali ya 2017 dhidi ya Serbia walicheza na kushinda. Kwa fainali, Noah akamteua Herbert akamwacha Mahut, na kumpa Herbert mwenza mwingine, Gasquet. Alitaka mtu wa akiba anayeweza pia kucheza peke yake.

Kwa hesabu za timu ya watu wanne, namwelewa. Kwa ubinadamu, nadhani uamuzi ule uliuma kuliko ilivyosemwa. Mtu amekufikisha mlangoni kisha unamwambia abaki nje. Kwamba Gasquet na Herbert walishinda hakufuti hilo. Nahodha anayeishi kwa maneno ya udugu analipa bei kubwa zaidi anapolazimika kumwacha ndugu. Mwaka uliofuata Mahut alirudi, na katika fainali ya 2018 dhidi ya Kroatia, Lille tena, yeye na Herbert ndio walioipa Ufaransa ushindi wake pekee. Kroatia ilishinda 3-1, na Noah akaondoka kitini.

Je, ili uwe nahodha mzuri lazima uwe umekuwa bingwa?

Si lazima, lakini inasaidia kuwa umeshindwa mbele ya watu. Baada ya 1983 Noah hakuishi kwa raha. Alikuwa uso wa nchi nzima, hana pa kujificha Paris, na amesimulia mwenyewe jinsi alivyozama katika huzuni nzito hadi akahamia New York. Leconte alipokuwa na woga, Noah hakuhitaji kuelezwa woga ni nini. Bingwa ambaye kila kitu kilimnyookea angemwambia nini mtu aliyezomewa?

Muziki wake ulikuwa mzaha wa mwanamichezo?

Hata kidogo. Ameuza albamu nyingi, amejaza kumbi kubwa, na kwa miaka kadhaa kura za maoni zilimweka kuwa mtu anayependwa kuliko wote nchini Ufaransa. Vijana wengi wa huko walimjua kama mwimbaji kwanza, ndipo wakaambiwa aliwahi kucheza tenisi.

Joakim Noah wa mpira wa kikapu ni mwanawe?

Ndiyo. Alizaliwa New York mwaka 1985, akachezea Chicago Bulls, na mwaka 2014 akachaguliwa mlinzi bora wa ligi ya NBA. Babu soka, baba tenisi, mwana kikapu.

Amefanya nini kwa watoto wasio na uwezo?

Mwaka 1988 alianzisha pamoja na mama yake shirika la Les Enfants de la Terre kwa ajili ya watoto walio katika shida. Mwaka 1996, mwaka wa Malmö, akaanzisha Fête le Mur, linalopeleka tenisi katika vitongoji maskini vya miji ya Ufaransa. Tenisi ina sifa ya kuwa mchezo wa wenye nacho: raketi, viatu, ada ya klabu, kocha. Fête le Mur inawafuata watoto mtaani kwao. Mtu yeyote anayejua habari ya Yaoundé 1971 anaelewa kwa nini.

Siku hizi yuko wapi?

Baba yake alifariki Januari 2017. Zacharie alikuwa chifu wa jadi wa Etoudi, Yaoundé, na Yannick alirudi Kameruni kushika nafasi hiyo ya ukoo. Tenisi hakuiacha kabisa, kwani alikubali kuwa nahodha wa timu ya Ufaransa ya tenisi ya viti vya magurudumu kwa ajili ya Michezo ya Paralimpiki ya Paris 2024. Mechi hizo zilichezwa Roland-Garros, juu ya udongo ule ule ambao baba yake aliurukia mwaka 1983.